Jengo linauzwa, wapangaji hawauzwi

Mjini Kolwezi, kama katika miji mingine ya Kongo, si ajabu kukuta ukuta umeandikwa kwa rangi: "Kiwanja hiki hakiuzwi." Ni kinga dhidi ya matapeli, na pia dhidi ya ndugu wanaouza mali ya urithi kimyakimya. Lakini siku jengo linapouzwa kweli, na kwa hati halali, wanaoishi na kufanya kazi ndani yake hawana ukuta wa kuandikia. Mara nyingi wao ndio wa mwisho kujua.

Tangu Kolwezi iwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, majengo ya katikati ya mji yamekuwa mali inayotafutwa. Yanayopendwa zaidi ni yale ya maduka chini na vyumba vya kuishi juu. Tangazo la komisioneri hutaja ghorofa, maji, umeme, umbali hadi barabara kuu na bei kwa dola. Halitaji kwamba chini kuna farmasi yenye wateja wake, fundi cherehani na duka la simu, na kwamba juu kuna familia zenye watoto shuleni. Baada ya malipo, wapangaji huambiwa mwenye nyumba amebadilika na kila mtu atafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha.

Desturi hiyo haina msingi wa sheria, hasa kwa wale wa chini. Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na Sheria ya Pamoja ya Biashara ya jumuiya hiyo, iliyopitishwa Desemba 2010, inasema wazi: upangaji wa mahali pa biashara hauishi kwa sababu jengo limepata mwenyewe mpya. Mnunuzi anachukua nafasi ya aliyeuza, pamoja na ahadi zake zote. Sheria hiyo inatambua hata mkataba wa mdomo, jambo kubwa katika mji ambako biashara nyingi zimeanza kwa kupeana mkono tu.

Mpangaji aliyefanya biashara mahali hapo kwa angalau miaka 2 ana haki ya kuongezewa mkataba. Kama mkataba hauna muda maalum, anayetaka kuuvunja lazima atoe taarifa angalau miezi 6 mapema. Mwenye jengo akikataa kuongeza mkataba, kwa kawaida hulipa fidia. Sababu inaeleweka: mteja wa farmasi ameizoea kona ile, na jina zuri la duka limejengwa na mpangaji.

Wapangaji wa juu wako chini ya sheria nyingine, ile ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji usio wa kibiashara. Hiyo inazuia garanti ya nyumba ya kuishi kuzidi kodi ya miezi 3. Jengo moja, basi, lina sheria mbili, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo huingia kesi ambayo hakuihesabu katika bei.

Wanunuzi nao wana hoja. Mtu aliyelipa dola zake anataka kutumia mali yake, na wengine hudanganywa na muuzaji kwamba jengo ni tupu. Sheria haikuwasahau. Anayetaka kubomoa na kujenga upya anaweza kukataa kuongeza mkataba bila kulipa fidia, mradi athibitishe kazi atakayofanya. Mpangaji anayevunja wajibu wake kwa uzito naye anaweza kupoteza haki yake. Kinachokatazwa ni kubadilisha kufuli usiku na kutoa mizigo ya watu barabarani.

Kuna pia suala la faida. Hapa wengi hununua wakiwa na macho kwenye kampuni za migodi, kwa matumaini ya kumpata mpangaji mmoja tajiri badala ya wadogo sita. Lualaba inajua hatari ya hesabu hiyo. Kisenge, magharibi mwa mkoa, iliishi kwa manganizi iliyopita kwa reli hadi Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo, na mauzo ya nje yakasimama. Kuta zilibaki pale pale. Na Februari 2025, serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti, Kolwezi ilikumbushwa kwamba fedha za madini zinaweza kukatwa kwa tangazo la siku moja. Muuza dawa na fundi cherehani hawalipi kodi kubwa, lakini wateja wao ni watu wa mtaa, nao hawangoji bei ya kobalti kutoka London.

Njia ya kurekebisha haihitaji sheria mpya. Kabla ya hati kubadilishwa jina, mnunuzi adai orodha ya wapangaji wote: kodi wanayolipa, garanti waliyotoa na mwaka walioingia. Komini za Dilala na Manika zinaweza kuwataka makomisioneri waonyeshe orodha hiyo, na mthibitishaji aiambatanishe na mkataba wa mauzo. Garanti ziandikwe ziko mikononi mwa nani, kwa sababu hapo ndipo fedha za wapangaji hupotelea: aliyeuza husema amemwachia mnunuzi, mnunuzi husema hakupokea kitu.

Wapangaji nao watunze risiti za kodi. Mwenye mkataba wa muda maalum aombe nyongeza angalau miezi 3 kabla haujaisha, la sivyo haki yake hupotea. Na anayeambiwa aondoke kwa sababu jengo limeuzwa aombe barua, kisha aende nayo mahakamani kabla ya kufunga mizigo.