Tuuze Kuni, Tusiuze Shamba



Desturi ya kurasa hizi ni kuzungumza habari za karafuu: kuchuma, kuchambua, kuanika na bei. Leo twaomba ruhusa tuzungumze habari ya moto, kwa kuwa wako wanachama wanaouliza kama haifai tupande miti ya kuni za biashara, au mimea ya mafuta ya mitambo, katika mapengo yaliyoachwa na mikarafuu iliyokufa. Sisi twaona yafaa, lakini kwa sharti moja. Ili sharti hilo lieleweke, na tuvuke bahari kwanza mpaka Mkoa wa Pwani.

Mji wa Kibaha uko katika njia kuu ya Morogoro, kiasi cha maili 25 kutoka Dar es Salaam. Mkazi wa kata ya Tangini mjini humo amekaa kati ya mambo mawili: upande mmoja jiji linalokula makaa usiku na mchana, upande mwingine misitu ya Ruvu, na kusini yake, katika Kisarawe, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliandika kwamba nusu hivi ya makaa yote ya Tanzania Bara huchomwa Dar es Salaam. Na tanuri la udongo lina hasara kubwa, kwani kupata kilo moja ya makaa hutiwa kilo tano za mti, mara nyingi zaidi. Basi misitu hiyo imekatwa sana. Nasi visiwani tusijitoe katika lawama hii, maana makaa mengine tunayopikia huja kwa vyombo kutoka huko huko Bara.

Watu walipoona hayo, na bei ya mafuta ya petroli ikipanda, wengi walisema dawa ni kupanda nishati kama tunavyopanda chakula. Kampuni moja ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilikuja Kisarawe kupanda mbono, mti ule ule ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua. Mwaka 2009 ilipata ardhi zaidi ya hektari 8,000, yaani kama ekari 20,000, kutoka vijiji 11, kwa muda wa miaka 99. Wanakijiji walisema waliahidiwa visima, zahanati, barabara na kazi. Kazi zilikuja kweli, na mamia ya watu waliajiriwa. Lakini mwaka 2011 fedha zikaisha, kampuni ikaingia mikononi mwa wafilisi, wafanyakazi wakaachishwa, na shamba likauzwa kwa wenye fedha wengine.

Hapa ndipo penye fundisho, wala si katika mbono. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mgeni mpaka kwanza iondolewe katika ardhi ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla. Mgeni akishindwa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Kwa hiyo biashara ilidumu miaka michache tu, na ardhi ilikwisha kutoka.

Tena mwenye mikarafuu anajua kungoja. Mche hukaa miaka saba hivi kabla ya kuchumwa, na katika miaka hiyo tunakula muhogo na ndizi zilizo chini yake. Kampuni inayotumia fedha za watu haiwezi kungoja hivyo. Mbono nao hutaka miaka, na katika ardhi kavu isiyo na rutuba huzaa kidogo, ijapokuwa ulisifiwa kwamba huota popote.

Iko njia nyingine, nayo iko karibu na Tangini hiyo hiyo. Katika msitu wa hifadhi wa Ruvu Kaskazini serikali ilianza, mapema katika miaka ya 2000, mradi wa majaribio wa kuwagawia wakulima viwanja, wapande miti ikuayo upesi kwa kuni na makaa, pamoja na vyakula kati ya mistari. Mti ulipandwa na yule atakayeukata, na wakati wa kungoja tumbo halikulala tupu.

Wako watakaosema kwamba pasipo shamba kubwa la mgeni hapana kiwanda. Twawajibu waitazame Kilombero. Kiwanda cha sukari cha huko kina mashamba yake, lakini pia hununua miwa ya maelfu ya wakulima wadogo walio katika ardhi yao wenyewe, na makapi ya miwa huchomwa kuendesha mitambo na kutoa umeme. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali: makonyo yetu hununuliwa na kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, na hapana aliyetwambia tutoe mashamba kwanza.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, mapengo yarudishiwe miche ya mikarafuu, na mipakani na penye ardhi mbovu ipandwe mikeshia na mivinje, ili kuni za jikoni zitoke kwetu na mikarafuu isiguswe. Pili, akija mnunuzi wa kuni au wa mbegu za mafuta, auziwe mzigo kwa bei iliyoandikwa na kwa muda mfupi, kupitia chama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, asiwepo mwanachama wa kutia sahihi peke yake karatasi yoyote inayotaja ardhi, hata akiahidiwa kisima na zahanati. Kisima ni haki ya kijiji, wala si bei ya shamba.

Wengi wetu tuna wazee waliopata eka tatu baada ya mwaka 1964, nao wanakumbuka maana ya kuchuma katika shamba la mtu mwingine. Jambo hili twaomba lizungumzwe katika kila tawi kabla ya msimu, ili mnunuzi wa kwanza atakapobisha hodi akute jawabu letu liko tayari: kuni zipo, karibu, shamba haliuzwi.