Amekwisha Kuokoka: Je, Aweza Kupotea?

Mwezi uliopita mama mmoja wa upande wa Mgeta alitujia baada ya sala, akaketi kimya kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, baba watoto alipeleka kabichi sokoni Morogoro. Amerudi siku ya tatu, mikono mitupu, ananuka pombe. Nilipomwuliza fedha ya madaftari ya watoto, akanijibu, 'Mimi nimekwisha kuokoka, tena kwa imani tu. Dhambi ya leo haiwezi kunitoa mkononi mwa Bwana.' Je, ni kweli? Nami ninyamaze?"

Hatukumjibu upesi, maana katika maneno ya huyo ndugu mna ukweli pia. Amefunga mambo mawili kwa kamba moja, nasi yatupasa kuifungua.

Kwamba wokovu ni kipawa, nao hupokewa kwa imani, ni kweli kabisa. Mluguru atafahamu: nani aliyepata kununua kuzaliwa kwake katika lukolo ya mama yake? Martin Luther, alipoitoa tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1522, alitia neno "tu" katika Warumi 3:28, na neno hilo dogo likaleta ugomvi wa karne nyingi, kwa kuwa Yakobo, katika sura yake ya pili, akana kwamba imani peke yake yatosha. Walakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko moja: twakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani, si kwa ustahili wetu, nayo matendo mema hufuata kama matunda. Basi sisi Wakatoliki na jirani zetu wa KKKT hatuna haja tena ya kurushiana mawe juu ya jambo hili.

Lakini kwamba wokovu hauwezi kupotea, hilo ni neno jingine. Wapo wanaolifundisha. Wafuasi wa Calvin, katika sinodi ya Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 hata 1619, walikaza kwamba wateule hawaanguki kabisa, nao hutaja kondoo wa Yohana 10 wasiopokonyika. Hata hao walikana kwamba fundisho lao ni ruhusa ya uzembe. Mteule aliyeanguka, walisema, Mungu humrudisha kwa toba. Nao Walutheri, wenye "imani tu" yao? Ungamo lao la mwaka 1530, la mji ule ule wa Augsburg, lawalaumu waziwazi wale wasemao kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Paulo mwenyewe, baada ya kuwahubiri wengine, aliogopa asije akakataliwa (1 Wakorintho 9).

Mwana mpotevu hakuacha kuwa mwana, ndiyo sababu ubatizo haurudiwi. Lakini alipokuwa kwa nguruwe hakula mezani pa baba yake.

Tena na tuwakumbuke watu wa uamsho ule wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, uliofika Uganda na Bukoba. Jina lao, Balokole, maana yake ni waliookoka. Hao hawakulifanya neno hilo kuwa mto wa kulalia: waliungama mbele ya watu, wakarudisha vitu walivyoiba. Sisi hatukubaliani nao katika mambo yote, lakini katika hili twawavulia kofia.

Basi tulimwambia yule mama asinyamaze, wala asitukane. Ampe mumewe chakula chake; watoto wakiisha kulala, amsomee habari za Zakayo, Luka 19, hasa pale penye kurudisha mara nne. Kisha amwulize tena kwa upole, fedha ya kabichi iko wapi. Nasi Jumamosi tutapanda kwao. Huyo ndugu tulijifunza naye katekisimu tukikaa benchi moja.