Nairobi hadi New York: usiamini muda wa tovuti

Leo nina neno na zile tovuti unazoandika majina ya miji miwili zikupe umbali na muda wa ndege. Jaribu Nairobi na New York. Umbali utaupata sawa, takriban kilomita 11,800 ukifuata mviringo wa dunia. Hesabu yake ni mistari michache tu ya programu. Shida ni muda. Nyingi hugawanya umbali huo kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 900 kwa saa, zikakuambia saa 13 na dakika kidogo. Kwenda na kurudi, yote sawa!

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Mbona? Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma. Tena ndege hupunguza mwendo ikipaa na ikitua.

Kama mama yako anasafiri mara ya kwanza nawe unamngoja uwanjani, saa mbili za ziada si mchezo. Kwa maoni yangu, programu isiyojua upepo itoe kilomita na inyamaze. Au isome ratiba za mashirika ya ndege. Ni kazi ngumu zaidi, ndiyo, lakini hiyo ndiyo kazi. Na ikumbuke kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, maana wao hubadilisha saa, sisi hatubadilishi.