Awowe Alikula Nundu, Lakini Hakupanda Tuktuk

Kila nikitaja kolestro hapa Garissa, lazima mtu aniletee awowe wake. Awowe alikula nundu ya ngamia, alikunywa samli kwa kikombe, na akafika miaka tisini akiwa na meno yake yote. Kwa hivyo kolestro ni ugonjwa wa wazungu, au wa watu wa Nairobi. Nimesikia hii stori mara nyingi hadi nimeamua kuijibu, kwa sababu nusu yake ni kweli na hiyo nusu ndiyo inatudanganya.

Tuanze na ukweli wake. Mwaka 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti kuhusu wafugaji wa Kisomali wanaohamahama na kuishi kwa maziwa. Madaktari walikuta dalili za ugonjwa wa moyo ni haba sana kati yao. Miaka miwili baadaye Mmarekani George Mann na wenzake wakaandika karibu mambo hayo hayo kuhusu Wamaasai wa Tanganyika. Maziwa, nyama, na kolestro iko chini. Awowe wako na shahidi, sikatai.

Lakini Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya maiti 50 za Wamaasai zilizopasuliwa. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye mishipa ya moyo, sawa na ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikawa bado inapata njia. Mann aliamini ni kwa sababu ya maisha ya kutembea kila siku.

Sasa jiangalie. Kutoka Bulla Iftin hadi Suq Mugdi unapanda tuktuk. Mchana joto linakulaza, usiku uko kwenye mkeka na miraa, soda na simu. Asubuhi umekula anjera na samli, saa nne sambusa mbili, mchana wali na mbuzi, jioni chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Awowe alipata nundu siku ngamia amechinjwa, na kuna misimu alilala njaa. Wewe mafuta unayapata kila siku, na mengi ni ya mtungi yaliyokaanga sambusa tangu juzi. Umerithi sahani ya awowe, miguu yake ukaiacha.

Na usiniambie wewe ni mwembamba. Kuna familia kolestro iko juu tangu mtoto anazaliwa, na mwili hauonyeshi kitu. Haiumi, haiwashi, haitetemeshi mkono. Anayekuambia atajua kwa kukuangalia macho anataka pesa yako. Hii kitu inajulikana kwa damu kupimwa, basi.

Abti yangu alipimwa, ikawa juu, akapewa vidonge. Alimeza miezi mitatu, hakuhisi tofauti yoyote. Angehisi nini, wakati hata ugonjwa wenyewe hakuuhisi? Mtu akamuuzia chupa ya "kusafisha mishipa", asilia kabisa, akaacha vidonge. Baada ya miezi minane akapata kiharusi. Leo kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto. Siwezi kusema chupa ndiyo ilimwangusha. Nachojua ni kwamba miezi minane aliamini kuna kitu kinamlinda.

Kwa hivyo duka moja liliponitafuta juzi na elfu kumi na tano kwa video ya dakika moja, niliuliza swali moja tu: ndani ya chupa kuna nini? Wakajibu, "Miti shamba tupu, bro." Miti gani? Kimya. Hiyo pesa ni kodi yangu ya miezi miwili na bado nilikataa. Mimi si daktari, chuo chenyewe sikumaliza, lakini kuuliza kilichomo hakuhitaji digrii.

Hili neno "asili" linatuchezea. Chukua ule mchele mwekundu wa Kichina unaochachushwa kwa kuvu, ambao unauzwa kama dawa asilia ya kolestro. Unaweza kushusha kolestro kweli, kwa sababu ndani yake mna kitu kile kile kilicho kwenye kidonge cha lovastatin, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Jamii nzima ya vidonge hivyo ilianzia kwa Mjapani Akira Endo, aliyekuwa anachunguza kuvu miaka ya sabini. Yaani kidonge cha hospitali nacho kimetoka kwenye kuvu! Tofauti ni kwamba hospitalini unajua ni miligramu ngapi, na ule mchele kipimo chake kinabadilika kutoka kopo hadi kopo. Ukimeza vyote viwili pamoja unaweza kuharibu misuli.

Habasoda sitaki vita nayo. Ina heshima yake kwetu, na mimi mwenyewe naila na asali. Zipo tafiti zinazoonyesha inashusha kolestro kidogo. Kidogo, wasee. Haichukui nafasi ya vidonge vya abti.

Kinachofanya kazi hakina video nzuri: ndengu. Ini lako linatumia kolestro kutengeneza nyongo, na nyongo inamwagika tumboni kusaga mafuta. Kawaida sehemu kubwa inarudi kwenye ini na kutumika tena. Lakini ukila ndengu, kunde, maharagwe au bamia, ule ute wake unaishika nyongo na kutoka nayo chooni. Ini linalazimika kuvuta kolestro kwenye damu ili litengeneze nyingine. Hiyo ndiyo "kusafisha" ya kweli, na ndengu za Mwingi zinashuka kwa hii barabara yetu kila siku. Shida yetu ni kiburi. Maharagwe tunayaita chakula cha bweni, mgeni akiwekewa anaona ametukanwa.

Nyama sijasema uache, nitafukuzwa mji huu. Nyama ya ngamia yenyewe haina mafuta mengi, mafuta yako kwenye nundu. Kula nyama, nundu iwe ya harusi. Nyirinyiri itoe kwenye mafuta yake kabla ya kula. Ramadhani funga vizuri, kisha usiharibu kwa sambusa kumi wakati Tana imetuletea papai na tikiti za kutosha.

Kutembea nako, alfajiri kuko na ubaridi kidogo, unaweza kufika darajani na kurudi. Mama zetu wakijaribu wanaulizwa gari limeharibika wapi. Twende nao, basi. Mtoto akiwa pembeni hakuna anayeuliza kitu.

Na kama nyumbani kuna mtu anameza vidonge vya kolestro, leo usiku mwombe akuonyeshe pakiti. Angalia kama bado anameza au imejaa vumbi. Kama anakunywa juisi ya balungi au chupa yoyote ya dukani, andika majina yote kwenye karatasi, umpe daktari siku ya kliniki, kwa sababu balungi linaongeza nguvu ya baadhi ya vidonge hivyo mwilini. Wazee wetu huwa hawasemi wakiulizwa, wanaogopa kugombezwa. Karatasi itasema.