Kitabu kwanza, mtihani baadaye

Kila mwaka unapokaribia mwezi wa Novemba, vijana wa kidato cha nne wanaochukua somo la Fasihi ya Kiingereza huonekana wakitembea na mabunda ya karatasi zilizorudufiwa. Mmoja wao akiulizwa anafanya nini, hujibu kwa fahari kwamba anajiandaa na mtihani. Akiulizwa kitabu chenyewe kiko wapi, humtazama mwulizaji kana kwamba ameulizwa jambo la ajabu. Ndani ya karatasi zile mna dhamira, wahusika na insha zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Kazi iliyobaki ni kuzimeza na kuzitapika mbele ya msimamizi.

Itakumbukwa kwamba Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliukosoa mtihani unaopima tu uwezo wa kijana kukariri habari na kuzitoa zinapotakiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo lilitaka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe, na kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe. Ni jambo la kusikitisha kwamba ugonjwa ule ule umejikita katika somo ambalo halina maana yoyote pasipo kusoma.

Chukua Weep Not, Child, riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1964 na ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu. Njoroge, mtoto wa Ngotho, anapelekwa shule na jamaa waliopokonywa ardhi yao, akiamini kwamba elimu ndiyo itakayowaokoa wote. Mapambano ya kudai ardhi na uhuru wa Kenya, na ukatili wa wakoloni katika kuyazima, yanamnyang'anya shule, baba na matumaini, hata anashika kamba ili ajinyonge. Mama yake ndiye anayemrudisha nyumbani. Kijana wa Kitanzania ambaye sare yake ilinunuliwa kwa kuuza mbuzi wa nyumbani anaandika "umuhimu wa elimu" kuwa hoja ya kwanza, anapata alama yake, na hajui kwamba amesoma habari zinazomhusu yeye mwenyewe. Hilo ndilo analoibiwa.

Katika Three Suitors: One Husband, tamthiliya ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, wazee wanamnadi Juliette, msichana wa shule, kwa mwenye fedha nyingi zaidi, naye anawazidi akili wote. Miongoni mwa wachumba hao yumo mtumishi wa Serikali mwenye majivuno na vinywaji vingi, ambaye baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wangefaidika kukutana naye. Darasa likiigiza mchezo huo mara moja tu, wanafunzi watacheka, na aliyecheka hahitaji kukaririshwa wahusika.

Walimu hawawezi kubebeshwa lawama zote. Wanapimwa kwa matokeo, nakala ni chache, na swali linalomtaka mtahiniwa atoe hoja kadhaa kutoka vitabu viwili hujibika hata na asiyevifungua. Lakini mzazi mwenye mshahara, anayelipa twisheni kila wiki bila kunung'unika na hajapata kununua nakala moja ya kitabu, hana pa kujificha. Wala hana mkuu wa shule ambaye fedha za vitabu zinapofika hukumbuka kwanza mapazia ya ofisi.

Liko pia suala la lugha. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari, Serikali haikukubali. Hata hivyo, hakuna sababu ya kumwadhibu mwanafunzi aliyemweleza mwenzake kisa cha Njoroge kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliyetafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, kitabu kilichotoka mwaka 1963, hakupungukiwa Kiingereza kwa kufanya hivyo. Kijana akisimulia sura nzima kwa lugha anayoimudu, kisha akaiandika upya kwa Kiingereza chake mwenyewe, chenye makosa yake mwenyewe, atakuwa na kitu cha kumwambia mtahini. Aliyekariri akisahau sentensi moja, ukurasa mzima huporomoka.

Kwa hiyo maandalizi yaanze kidato cha tatu: kitabu kisomwe kwa sauti darasani, sura baada ya sura, hata kama dawati zima lina nakala moja. Mitihani ya miaka iliyopita ingoje muhula wa mwisho. Kwa wale ambao Novemba yao imekwisha kufika, pengine muda umepita. Wadogo zao bado wana mwaka mzima mbele yao, na riwaya ya Ngũgĩ haifiki kurasa mia mbili.