Endesha kama umebeba abiria

Kila Jumamosi asubuhi, vijana wetu wa Busia hukusanyika kando ya kituo cha mafuta wakiwa na baiskeli za gia, kofia ngumu zimefungwa vizuri kidevuni, chupa za maji zimechomekwa kwenye fremu. Nami nimo kundini, na miaka yangu 52. Napenda sana asubuhi hizo. Lakini tukishatoka mjini naingiwa na hofu, kwa sababu ya jinsi tunavyoendesha. Mtu anakodolea macho tairi la mwenzake badala ya barabara. Akiliona shimo anarukia kulia papo hapo, hata shingo hajageuza. Akisikia honi ya lori anashtuka na usukani unayumba.

Inaniuma zaidi kwa kuwa hapa mpakani ndipo watu walipoijua kazi ya baiskeli kuliko popote.

Baba yangu alikuwa bodaboda, enzi ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli. Jina lenyewe lilizaliwa hapa Busia katika miaka ya 1960 na 1970. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na mwendo wa karibu kilomita moja, na gari halikuvuka bila makaratasi yake. Msafiri alishushwa na mizigo yake, na vijana wenye baiskeli wakawa wanamwitia, "Boda, boda!", yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Kazi ikaenea Malaba, baadaye ikafika Kisumu, Kampala na kwingineko. Baiskeli ya baba ilikuwa Black Mamba, na juu ya kariya alikuwa ameshonea mto wa sponji uliovishwa plastiki nyekundu yenye nyuzi za kuning'inia pembeni.

Asubuhi za shule alinibeba nimekaa upande, miguu yote kushoto, kama akina mama walivyokaa. Aliyekaa hivyo hana pa kushika ila chini ya tandiko la mwendeshaji. Ukikata kona kwa ghafla, anaanguka. Ukiminya breki kwa ghafla, anaanguka. Na abiria akianguka, siku hiyo watoto wako watalala njaa, maana habari zinafika stendi kabla yako. Kwa hiyo baba aliliona shimo likiwa mbali, akaanza kusogea kidogo kidogo, na tulipolifikia lilikuwa tayari pembeni yetu. Kabla ya kuhama upande aligeuza kichwa akatazama nyuma. Mimi nililihisi bega lake likizunguka kabla baiskeli haijasogea hata kidogo, nikajishika vizuri. "Mama," aliniambia, ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "dereva akijua unakoelekea, atakupisha."

Shauri langu kwa kila anayepanda baiskeli kujifurahisha ni hilo. Endesha kana kwamba nyuma yako kuna mtu amekaa upande na mtoto mapajani. Utapunguza mwendo mapema bila kuambiwa. Utashika mstari mmoja ulionyooka badala ya kuingia na kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Hutajipenyeza kushoto kwa trela linalojiandaa kukata kona, kwa sababu dereva ameketi juu kule na wewe uko chini ya kioo chake, haoni hata kofia yako.

Na malori yetu yana jambo la kujua. Kenya na Uganda tunapita kushoto, lakini Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini wanapita kulia, na mizigo yao mingi inapita hapa. Lori lenye usukani wa kushoto likitaka kulipita jingine, dereva wake hawezi kuona mbele mpaka kichwa cha lori kiwe kimetoka sana kulia, yaani upande wako wewe unayekuja. Ukiona pua ya lori inachungulia nyuma ya lori jingine, usingoje uone kama litarudi. Toka kwenye lami ungali na nafasi ya kutoka taratibu.

Tazameni na jua. Kutoka Busia kwenda Malaba, karibu kilomita 30, tunaelekea kaskazini, na jua la asubuhi linakaa begani, upande wa kulia. Ndiyo maana naipenda njia hiyo, ingawa foleni ya malori ya Malaba inachosha roho. Lakini kundi likichagua kwenda Bumala asubuhi, tunaelekea kusini-mashariki na jua liko usoni. Macho yako yakiumia unaweza kuyafumba kidogo. Dereva anayekuja nyuma yako ana jua hilo hilo usoni, na wewe ni kivuli tu mbele yake. Safari ya Bumala na ingoje mpaka jua lipande, na jioni msirudi linapozama, kwa maana litakuwa mbele yenu tena.

Mwaka jana niliangukia kwenye reli kule Malaba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, chuma kinang'aa, nami kwa haraka nikaikata reli kimshazari. Tairi la mbele likaingia kwenye ufa ulio kando ya chuma na kubanwa humo. Kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili. Nilipokuwa nimekaa pale chini nilimkumbuka baba. Penye reli alikuwa akisema, "Shuka kidogo, mama," kisha anasukuma. Ikiwa hutaki kushuka, ikabili reli moja kwa moja ili tairi liivuke kama herufi T. Fanya vivyo hivyo unaporudi kwenye lami ambayo kingo zake zimeliwa na malori zikabaki kama ngazi.

Mengine ni ya fundi. Kanyaga pedali iliyo chini kabisa kwa kisigino, mguu unyooke. Ukibaki umekunjika, pandisha tandiko, na magoti yatakushukuru. Jaza upepo zaidi tairi la nyuma, ndilo lenye mzigo. Mnyororo usiupake oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, maana inashika vumbi letu jekundu na kuusaga. Rimu zikilowa, gusa breki kidogo kidogo kabla ya kuzihitaji ili maji yafutike.

Wapo wanaoniambia kwamba shida ni malori na barabara isiyo na njia ya baiskeli. Nakubaliana nao. Anayeendesha kwa mikono ile baiskeli ya magurudumu matatu, yule mlemavu anayevusha bidhaa za watu pale Busia kila siku, anastahili njia yake kabla yangu mimi wa Jumamosi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018, karatasi za malori zinashughulikiwa upande mmoja tu. Kando ya barabara bado tunagombania vumbi na trela zilizoegeshwa. Tuidai njia hiyo kwa sauti. Lakini Jumamosi hii tutakuwa barabarani ikiwa bado haijajengwa.

Baiskeli zetu mpya hazina kariya, na huenda hapo ndipo tulipopotezea somo. Nimempelekea fundi Black Mamba ya baba. Ameibadilishia mnyororo na mipira ya breki, na mto nimeushona upya mimi mwenyewe kwa plastiki nyekundu. Kabla hatujaondoka Jumamosi ijayo, naomba kila mmoja aizungushe uwanjani mara mbili akiwa na abiria. Nitafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyuma nitakaa mimi, upande, miguu yote kushoto.