Bangkok na mtoto mwenye pumu: Januari au Juni?

Mama mmoja anayeuza nguo Kariakoo alinitumia ujumbe wiki iliyopita, saa tano usiku. Katikati ya Januari anakwenda Bangkok kufuata mzigo, na safari hii anataka kumchukua mwanawe wa miaka sita. Mtoto ana pumu. Safari iliyopita alibanwa kifua usiku akiwa kwa bibi yake, na bibi hakujua kutumia inhela. Jirani mwenye bajaji ndiye aliyewawahisha hospitali. Mama anasema hataki tena kupokea simu ya namna ile akiwa ng'ambo. Anauliza mji ule ukoje kwa mtoto.

Dada, nakujibu hapa kwa sababu najua wapo wengi wanaopanda ndege hiyo wakiwa na swali hilohilo.

Bangkok nimefika mara moja, kwa mkutano wa afya, na ilikuwa Januari. Mtu wa Dar es Salaam hapati shida kuuzoea. Joto ni lile la kwetu, magari yanapita kushoto, foleni ipo, bajaji zipo, na bodaboda wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa. Wenyewe wanauita Krung Thep, na ndio mji mkuu wao tangu mwaka 1782. Kilichonifurahisha zaidi ni saa. Jioni wanahesabu kama sisi: saa moja usiku kwao ni moja, saa mbili ni mbili, mpaka tano. Baada ya saa sita usiku ndipo tunaachana.

Soko unalolitaka, Pratunam, halina ugumu kulifikia. Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi ina kituo kinachoitwa Ratchaprarop, na ukishuka hapo unatembea kwa miguu. Chakula cha halali utakipata jirani, Mtaa wa Phetchaburi kichochoro cha 7, kwenye msikiti wa Darul Aman. Mtoto mtafutie wali wa nazi na embe, hatakusumbua. Ila kama karanga zinamdhuru, uliza kila sahani, maana wanazitumia sana.

Sasa hewa. Miezi ya Desemba hadi Machi moshi wa magari unachanganyika na moshi wa mashamba ya mpunga na miwa yanayochomwa, upepo unatulia, na vumbi laini lile la PM2.5 linabaki juu ya mji. Januari 2025 shule zaidi ya 350 za jiji zilifungwa kwa sababu hiyo, na serikali ikaruhusu watu kupanda treni na mabasi bure kwa wiki moja ili waache magari nyumbani. Mimi sina pumu, na siku ya tatu koo lilikuwa linawasha. Barakoa za kuzuia vumbi hilo zipo madukani, lakini nyingi hazikai sawasawa kwenye uso wa mtoto wa miaka sita. Halafu wewe utakuwa sokoni tangu asubuhi. Yeye utamweka wapi?

Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa Januari. Kama lazima aende, mpeleke likizo ya Juni.

Juni nayo ina yake. Mvua zinakuwa zimeanza, na mvua huleta dengue. Bangkok inaijua homa hii kwa machungu: mwaka 1958 ililipuka pale ile aina yake inayovujisha damu, na walioumia zaidi walikuwa watoto. Lakini kati ya moshi na mbu, kwa mtoto wako nachagua mbu, kwa sababu mbu unaweza kumzuia. Huyu anauma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mvalishe mikono mirefu, mpake dawa yenye DEET. Akipata homa mpe parasetamo tu, usimpe ibuprofen wala aspirini. Na homa ikishuka usishangilie mapema. Akianza kulalamika tumbo, kutapika mfululizo au kutoka damu kwenye fizi, hapo ndipo pa kukimbia.

Jambo moja wazazi wengi hawalifikirii: ndani ya Bangkok malaria haiambukizwi, kwa hiyo daktari wa pale akiona homa huenda asiiwaze. Mtoto wako anaweza kuwa ameondoka nayo Dar. Mwambie daktari mapema kwamba mmetoka Tanzania na uombe kipimo.

Hospitali kubwa ya watoto ya serikali, Queen Sirikit, iko karibu na Mnara wa Ushindi, si mbali na Pratunam. Namba ya dharura ni 1669. Bima ya safari nunua, na usome kama inataja pumu, kwa sababu nyingine huiruka. Inhela zote mbili, ya kila siku na ya kubanwa, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Zisiende kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Madukani na kwenye treni wanapuliza kiyoyozi kama friji, na hewa ya ghafla ya baridi huwabana baadhi ya watoto. Beba sweta, watu wakucheke.

Kadi ya njano msiisahau, mtoto naye. Thailand inawadai wasafiri kutoka Tanzania na Kenya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, na ukishachanjwa kadi ni ya maisha. Usikimbilie kuchanja siku moja kabla ya safari.

Lakini nimesoma ujumbe wako mara mbili, na naona kilichokuumiza si umbali. Ni kwamba dawa ilikuwepo nyumbani na hakuna aliyejua kuitumia. Kwa hiyo ya Januari nenda peke yako, ila kabla hujaondoka mkalishe mama chini. Atikise inhela, aifunge kwenye spesa, na kama hamna, hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni ikabana inhela vizuri inafaa. Abonyeze mara moja, mtoto avute pumzi tano au sita taratibu, kisha arudie. Mwache afanye mwenyewe mbele yako, si kutazama tu. Mwandikie na namba ya yule jirani wa bajaji ukutani, kwa tarakimu kubwa.

Na ukifika Bangkok, kumbuka wako mbele yetu saa nne. Mtoto anapolala saa mbili usiku, kwako ni saa sita. Usilale kabla hujapiga.